Tuliohesabu Jukwaani

Jumamosi, 4 Machi

Mteja mmoja kaniachia shajara ya ofisini kwao, nikasema haya, ngoja niandike msimu wa binti yangu humu, maana nikiyasema yote saluni wateja watanikimbia.

Leo ligi ya watoto ya mpira wa kikapu imeanza. Binti yangu ana miaka kumi na minne, miguu mirefu, mwili mwepesi, wenzake wanamwita Kishada. Mimi mama yake ni msusi, na yeye kichwa kipara kwa amri ya shule. Watu wananicheka kwamba tangazo langu la biashara halina nywele.

Uwanja ni wa saruji, nyuma ya shule, na jukwaa ni ngazi za matofali ambazo ukikaa bila kitenge unarudi nyumbani na vumbi lote. Kocha ni mchomeleaji wa mageti, anajitolea tu. Neno lake ni moja: taratibu. "Taratibu, wanangu. Taratibu na huo mpira." Sisi wazazi tumeshambatiza Kocha Taratibu, na nadhani anajua.

Kipindi cha pili binti wa Mama Pacha aliteleza, akakaa chini akaanza kulia. Mama Pacha ni rafiki yangu, anauza vyombo vya plastiki duka la pili kutoka saluni kwangu. Pacha mmoja anacheza, mwenzake mpira hataki hata kuuona. Basi mtoto analia, mama yake hajui afanye nini, na mimi bila kufikiri nikapaza sauti vile nilivyokuwa nawafanyia wanangu walipokuwa wanajifunza kutembea: "Mojaaa! Mbiliii! Tatu, hopa!" Mtoto akainuka! Jukwaa zima likaangua kicheko na makofi.

Tumeshinda. Nimerudi sina sauti.

Jumatano, 8 Machi

Mvua. Mazoezi hakuna. Kishada kadunda mpira sebuleni mpaka baba yake, mtu asiyegomba na yeyote, kamwambia atoke nao.

Jumamosi, 11 Machi

Tumefungwa, lakini tumecheka. Sasa kila mtoto akianguka wazazi wote wanahesabu, wa kwetu na wa wapinzani: moja, mbili, tatu, hopa! Na watoto wamejua kwamba wakiinuka kabla ya tatu wanapigiwa makofi kuliko aliyefunga.

Mechi ilipoisha Kocha alikuja jukwaani, mikono nyuma. "Wazazi, naomba ile hesabu tuiache. Mtoto akianguka nataka abaki chini mpaka nimwone."

Nikamwambia, "Kocha, huku kwetu watoto hawajatengenezwa kwa mayai."

Watu wakacheka. Na yeye akacheka kidogo, akaenda kukusanya mipira.

Jumamosi, 18 Machi

Jamani! Leo hata nikifa nimeona!

Mvua iliacha madimbwi uwanjani, wakayafagia, lakini chini ya goli palibaki unyevu. Robo ya mwisho, tuko nyuma kidogo, Kishada karuka kuudaka mpira, mguu ukamponyoka, akaangukia mgongo na kisogo. Kishindo tulikisikia hadi juu. Nikasimama. "Moja!" Jukwaa likaitikia. "Mbili!" Hata tatu hatukufika, mwanangu huyo, kasimama! Makofi hayo!

Sasa Kocha Taratibu, bila aibu, akamtoa. Akamkalisha benchi akawa anamchungulia machoni kama anatafuta kibanzi. Nilishuka zile ngazi sijui hata nilishukaje.

"Unamtoa kwa nini?"

"Kagonga kichwa, mama."

"Si kasimama? Kishada, unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Umemsikia?"

Nyuma yangu wazazi walishaanza kuzomea. Kocha akatazama jukwaa, akatazama saa, akamrudisha. Na nani aliyefunga la ushindi? Nani? Mwanangu! Alipita katikati ya wawili, akarusha, mpira ukazunguka kwenye pete ukaingia. Tulikumbatiana na watu nisiowajua.

Nyumbani hakula, alisema amechoka. Mimi niliyekuwa nimekaa tu nimechoka, sembuse yeye.

Jumanne, 21 Machi

Nimeisimulia ile mechi kwa kila kichwa kilichokaa kwenye kiti changu. Kishada alikuwa anafagia nywele, anatabasamu tu. Kwa yule mteja wa mchana nilitia chumvi kidogo, nikasema hata refa alisahau kazi yake akapiga makofi. Refa gani! Lakini hadithi ikanoga.

Ijumaa, 24 Machi

Kishada kaomba redio izimwe. Kichwa kinamuuma. Nimemwambia simu hiyo ndiyo inayokuuma, lete hapa. Nimeifungia kabatini.

Jumamosi, 25 Machi

Mechi imeahirishwa, uwanja umejaa maji.

Alhamisi, 30 Machi

Mwalimu wake wa hesabu kanipigia nikiwa katikati ya kichwa cha mtu. Eti Kishada analala darasani, na kwenye jaribio aliandika jina lake tu akakaa. Mtoto ambaye hesabu ndiyo sifa yake!

Nimejua mara moja. Mvulana. Miaka kumi na minne, nini kingine? Nimepekua begi lake nikakuta daftari, soksi chafu na mkate uliokauka. Nikamkalisha, nikasema niliyosema. Akajibu kwa hasira, mtoto asiyewahi kunijibu, halafu akalia, halafu akaomba nizime taa kwa sababu inamchoma machoni.

Baba yake, ambaye siku nzima yumo ndani ya mafriji ya watu, alikuwa mlangoni na bisibisi mkononi. "Labda anaumwa," akasema.

"Anadekezwa," nikamjibu. "Na wewe ndiye unayemdekeza."

Jumamosi, 1 Aprili

Sikuamini. Mechi nzima mwanangu kakaa benchi. Tumefungwa vibaya, aibu tupu. Nilimwuliza Kocha, akasema, "Macho yake siyapendi. Mazoezini nampigia pasi, anachelewa kuiona."

Macho yake hayapendi! Kwani anaoa?

Jumatatu, 3 Aprili

Nimekwenda karakana kwake pamoja na Mama Pacha na baba mmoja wa jukwaani mwenye mdomo kuliko wangu, na huo si mchezo. Tulimkuta anachomelea geti. Akazima mashine, akapandisha kioo cha usoni, akatusikiliza.

Nilimwambia wazi: mtoto kakosa raha, shuleni anasinzia, nyumbani ananuna, na yote ni kwa sababu wewe unamvunja moyo. Nilimwambia kama kazi hii inamshinda, makocha wapo.

Akasema, "Mpeleke kwa daktari, mama. Akisema yuko sawa, anaanza."

"Mimi ndiye niliyemzaa. Nakwambia yuko sawa."

Kocha akafuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono. Yule baba akamwambia kwamba wazazi tumeshazungumza na mwenyekiti wa ligi. Uongo, hatujazungumza na mtu. Kocha akainamisha kichwa. "Haya," akasema. "Jumamosi atacheza."

Tulitoka tunacheka. Mwoga yule, nikasema. Mtu mzima anatishwa na wasusi na wauza mabeseni.

Jumapili, 9 Aprili

Niko kwenye benchi la korido hospitalini. Ni asubuhi. Shajara ilikuwa mkobani, na nisipoandika nitapiga kelele.

Jana uwanjani, kugongwa kwenyewe hakukuwa kugongwa. Hilo ndilo nisiloliweza. Binti wa timu nyingine aligeuka na mpira, bega likamgusa Kishada shavuni, basi. Mimi nimeshuhudia watoto wakigongana kwa nguvu mara kumi ya hapo wakacheka. Kishada akashuka kama nguo iliyoponyoka kwenye kamba. Hata mikono hakuitanguliza.

"Moja!" Jukwaa likaanza, na mimi nikiwemo. Mimi mbele yao wote. "Mbili! Tatu!"

Hakuinuka.

Mtu mmoja akacheka. Mwingine akasema "Nne," kwa sauti ya utani. Na mimi, Mungu wangu, mimi nikasema "Tano." Nikasikia sauti yangu peke yake. Jukwaa lote lilishanyamaza na mimi bado nahesabu, kwa sababu niliona kwamba nikiacha kuhesabu, basi ni kweli.

Kocha alikuwa ameshafika. Amepiga magoti kwenye saruji, kashika kichwa cha mwanangu kwa mikono miwili, anapiga kelele, yeye ambaye hajawahi kupaza sauti: "Asimguse mtu! Asimguse mtu!" Niliona mkono wa mwanangu unatikisika wenyewe. Nilikaa pale pale kwenye matofali, Mama Pacha ananivuta, ananiambia twende, na mimi namwambia subiri kidogo. Subiri kidogo! Mwanangu yuko chini na mimi nasema subiri kidogo.

Kwenye gari alifumbua macho. Akatapika mapajani kwangu. Akauliza, "Tunakwenda wapi?" Nikamwambia hospitali, mwanangu, umeanguka. Akasema sawa. Tukafika kona ya mbele, akauliza, "Tunakwenda wapi?" Nikamwambia tena. Akasema sawa. Akauliza tena. Njia nzima. Kila mara kwa sauti ile ile, kwa adabu, kama anauliza kwa mara ya kwanza.

Baba yake ameshika ukuta. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 10 Aprili

Picha ya kichwa imetoka, damu haikuvujia ndani. Nilipiga magoti pale pale, wauguzi wakaninyanyua. Kumbe nilifurahi mapema.

Daktari ni mwanamke mdogo kuliko nilivyotarajia, nywele zake kazisuka vizuri, na nina haya kwamba hilo ndilo nililoliona kwanza. Akavuta kiti akakaa, na daktari akikaa unajua kuna maneno.

"Kabla ya juzi, aliwahi kugonga kichwa?"

"Hapana," nikasema. Wala sikuwa nadanganya. Niliamini.

Baba yake akasema kwa sauti ndogo, "Na ile mechi ya unyevunyevu?"

"Ile si alisimama palepale? Alifunga na goli!"

Daktari hakunijibu mimi. Akamgeukia Kishada, kitandani, mapazia yameshushwa. "Nisimulie hiyo mechi, dada. Pole pole."

Kishada akasimulia. Vizuri tu, bila kukwama. Kwamba chini ya goli palikuwa na unyevu, kwamba jukwaa halikufika tatu, kwamba alipita katikati ya wawili na mpira ukazunguka kwenye pete watu wakashika roho, ukaingia. Nilikuwa naitikia kwa kichwa, namwonyesha daktari, si unaona? Halafu mwanangu akasema, "Mwenzangu, hata refa alisahau kazi yake akapiga makofi."

Refa hakupiga makofi. Hakuna aliyeyaona hayo makofi duniani. Niliyatunga mimi, saluni, na kitana mkononi. Na hilo "mwenzangu" ni langu. Mtoto wa miaka kumi na minne hasemi hivyo. Nilikuwa najisikiliza mwenyewe kwa mdomo wa mwanangu.

"Kishada," nikasema. "Refa hakupiga makofi."

Akanitazama kama nimemkosea. "Si ulisema?"

Daktari akaweka kalamu chini. "Wewe mwenyewe unakumbuka nini? Si ulichoambiwa. Ulichokiona."

Kishada akaanza kukunja ncha ya shuka. Kisha akasema, "Nakumbuka nafunga kamba za viatu. Halafu nakumbuka niko nyumbani, mama anacheka."

"Katikati?"

"Hakuna."

Hakuna! Lile goli lote, zile kelele, kukumbatiana kote kule, mwanangu hakuwepo. Miguu ilikuwepo, mikono ilikuwepo. Alirusha mpira na yeye mwenyewe hajui kama alirusha.

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi," akasema.

Daktari alitutoa korido akatueleza, na nayaandika alivyoyasema. Mtoto akigonga kichwa ubongo unatikisika humo ndani, na haujali kama kasimama au hakusimama. Anaweza kuinuka, akakimbia, akafunga, na kumbe tayari ameumia. Kuumwa kichwa, kuchukia mwanga na kelele, kusinzia, kusahau, hasira zisizo za kwake: hizo zote ni dalili, si tabia. Na asirudi uwanjani mpaka apone kabisa, kwa sababu kugongwa mara ya pili, hata kidogo tu, kunaweza kuua. "Mna bahati kwamba mnazungumza na mimi," akasema. "Wengine huzungumza na mtu wa chumba kile cha mwisho, cha maiti."

Simu niliifungia kabatini. Begi nikapekua. Nikamwambia mtoto mgonjwa kwamba ana mvulana.

Jumatano, 12 Aprili

Tumerudi nyumbani. Giza chumbani, sauti za chini. Saluni nimefunga.

Jumamosi, 15 Aprili

Mechi ipo, hatukwenda. Jioni mlango uligongwa taratibu sana, nikajua ni nani kabla sijafungua.

Alisimama kizingitini, kakataa kuingia, eti viatu vichafu. Nilikuwa nimepanga maneno siku nzima, yote yakapotea. Nikasema tu, "Kocha, nisamehe."

Akatikisa kichwa. "Wewe hukujua, mama. Mimi nilijua. Nilijua na bado nikamrudisha, mara mbili, kwa sababu niliogopa jukwaa." Macho yalikuwa mekundu, na siku hiyo hakuwa amechomelea kitu. "Mtu mzima naogopa kuzomewa."

Nilimwita mwoga huku nikicheka, kumbe woga wake wote ulikuwa ni kunikubalia.

Ijumaa, 21 Aprili

Kishada kauliza leo ni siku gani. Nimemjibu. Baada ya chai kauliza tena. Nimejifungia bafuni nikafungulia bomba.

Jumapili, 23 Aprili

Timu imeingia fainali. Mama Pacha kapita dirishani na habari, kashangilia kwa kunong'ona, maskini, huku anaruka bila kishindo. Msimu huu Kishada hachezi, mwakani labda, labda hata mwakani asicheze. Daktari hasemi lini. Kishada anauliza, mimi nasema tutaona, yeye anageukia ukutani.

Ijumaa, 28 Aprili

Nimefungua saluni nusu siku. Wa kwanza alikuwa Mama Pacha na binti yake yule mchezaji. Shule yao inaruhusu nywele, na mtoto anataka mistari ya kurudi nyuma kwa ajili ya fainali ya kesho. Nilifurahi kuwaona. Nikamfunga kitambaa shingoni, nikachukua kitana.

"Aunti, usivute sana. Kichwa kinauma."

Kila anayekaa kwenye kiti hiki husema hivyo. Nimelisikia neno hilo miaka yote ya kazi yangu mpaka silisikii tena. Lakini kitana kilikuwa bado hewani. Nilikuwa sijamgusa.

"Kinakuuma tangu lini?" nikauliza.

Mama yake akajibu, "Aa, kidogo tu. Nusu fainali aligongana na mwenzake, kichwa kwa kichwa. Hata tatu hatukufika, shoga, kainuka! Ungekuwepo ungefurahi."

Hata tatu hawakufika. Mwanangu yuko gizani nyumbani, wote wamekuja kunipa pole, wote wamelia na mimi, na Jumamosi wamekaa kwenye matofali yale yale wakahesabu. Wala sikuweza kumkasirikia. Hesabu ni yangu.

Niliweka kitana chini, nikazunguka mbele, nikachuchumaa ili nimwone usoni. Alikuwa anafinya macho kwa mwanga wa mlangoni.

"Nisimulie hiyo mechi, mwanangu."

"Ilikuwa kali," Mama Pacha akaanza, "kwanza walitutangulia..."

"Mwache. Asimulie yeye."

Mtoto akalamba midomo. "Walitutangulia," akasema. "Halafu tukawafikia."

"Nani alifunga la mwisho?"

Nikaona macho yake yananiacha, yanapanda taratibu mpaka kwa mama yake.

"Mimi," akasema. "Eti, mama?"

Mama Pacha alikuwa bado anatabasamu. Lile tabasamu lilikaa usoni bila mwenyewe, halafu likaanza kuondoka. Akanitazama. Akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Fainali si kesho?"

"Najua," nikamwambia, na nikamfungua mtoto kitambaa shingoni.